Hali Njema ya Bwanaheri

Bwanaheri Msabaha hakuumwa mbele ya watu hata siku moja. Mwili alikuwa nao kama sisi sote, na maradhi yalikuwa yakiijua nyumba yake; lakini ukimuuliza hali angekujibu "njema, alhamdulillahi" hata kama amekanyaga kaa la moto. Mkewe, Mardhiya, alikuwa akisema kwamba siku atakayozikwa, malaika wa kaburini watamuuliza Mola wake ni nani, naye atawajibu kwanza kuwa hajambo. Alikuwa akisema kwa utani, na Bwanaheri mwenyewe ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote.

Kazi yake ilikuwa kupika halua. Uani kwake pale Dunda, Bagamoyo, kulikuwa na sufuria la shaba ambalo watu wawili hawalibebi bila kupumzika njiani, na mwiko mrefu aliorithi kwa babake. Harusi za mpaka Pangani zilimtegemea yeye. Lakini ukitaka kumuudhi Bwanaheri, onja halua yake useme "tamu" kabla hujaimeza. Loo! Angekutazama juu mpaka chini. "Unaisifu halua au unanisifu mimi?" Hakumwamini mwonjaji yeyote ila mkewe, kwa sababu Mardhiya alikuwa na ulimi usiojua kupaka mafuta. Akisema samli imezidi, imezidi. Bwanaheri angeshusha sufuria akaanza upya wala asinune. "Ukinidanganya leo, kesho nitakosea vile vile," alikuwa akisema. Hayo ni ya halua. Kwa habari ya mwili wake mwenyewe alikuwa mtu mwingine kabisa.

Sukari ilimpata, kama inavyowapata wengi siku hizi, na ikamtoboa chini ya unyayo wa kulia kidonda kisichotaka kupona. Alikificha ndani ya soksi mpaka harufu ikamsema. Hospitali wakamwambia mguu ukatwe, chini ya goti. Bwanaheri akajibu, "Inshallah," akarudi nyumbani, akalikalia sufuria lake lililofunikwa, na Mardhiya akamwona machozi yanamtoka bila sauti. Mpishi wa halua husimama. Husimama tangu moto unawashwa mpaka wanga unaposhika, na mwiko hausimami hata dakika. Mpishi wa mguu mmoja apike vipi?

Hapo ndipo Nasrin alipoingia. Nasrin alikuwa mtoto wa nyumba ya pili. Mamake alifariki yeye akiwa bado ananyonya kidole, babake akawa mtu wa safari, basi akakulia uani kwa Mardhiya akilamba mwiko wa halua, na kwa kuwa Mungu hakuwajaalia wenyewe mtoto, walimpenda mapenzi ya kupindukia. Sasa alikuwa daktari. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa kule Mapinga, ambako walikuwa wakijaribu matibabu mapya ya vidonda vya sukari. Alikuja akaketi kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kama zamani, akawaeleza.

"Tunachukua uboho kidogo, yale mafuta ya ndani ya mfupa, kwenye nyonga yako, ami. Ndani yake mna seli shina. Hizo ni kama mbegu za mwili. Tukizipanda mguuni penye upungufu, huotesha mishipa mipya na nyama mpya."

"Na mtajuaje zimeota wapi?" Bwanaheri akauliza. "Isije ikawa mmepanda mguuni, zikaota puani."

"Ndani ya kila seli tunatia chembe za chuma. Ndogo mno, ami, hata vumbi la unga ni kubwa kwazo. Basi mashine ya sumaku inakiona kile chuma, nasi tunajua seli zimekaa wapi na zimehamia wapi."

Bwanaheri akapiga paja. "Zafarani! Mimi nikitia zafarani naiangalia rangi yake, najua imefika mpaka pembe gani ya sufuria."

"Hasa! Kama zafarani."

"Ila zafarani ikizidi huleta uchungu."

Nasrin hakucheka. "Ndilo hilo tunalolitafuta," akasema. "Mguu tuna matumaini nao. Tusichokijua ni zile chembe. Seli ikifa, chuma kinakwenda wapi? Mwili unakitoa, au kinajikusanya kwenye ini, kwenye figo? Kiasi gani hakidhuru? Wewe utakuwa kwenye kundi la mwanzo, mtapewa kidogo. Mkikaa salama, kundi la pili litaongezewa. Basi nakuomba kitu kimoja, ami. Ukijisikia lolote, hata mwasho, hata usingizi ukikukimbia, uniambie. Nitakupigia simu kila Jumatatu. Uniambie kweli, kama mama anavyokwambia habari ya halua."

"Nitakwambia, mwanangu," akasema Bwanaheri, na Mardhiya aliyekuwa akichuja tui pembeni aliamini kwa moyo wake wote kwamba atamwambia.

Mguu ukapona. Jamani, ulipona! Kidonda kilijaa nyama nyekundu, kikajifunga kingo kwa kingo, na Bwanaheri akatembea kwenda msikitini kwa viatu vyake viwili. Alikuwa akivua kiatu barazani awaonyeshe watu unyayo. "Mtoto wetu huyu," alikuwa akiwaambia. "Mtoto wa Dunda. Wazungu wamekuja kusimama nyuma yake." Haikuwa hivyo kabisa, Nasrin alikuwa chini ya maprofesa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafuatilia wagonjwa, maana yeye alikuwa mwenyeji na anajua kuzungumza na watu. Lakini nani angemkatiza mzee mwenye furaha kiasi kile? Sufuria likafunuliwa. Moto ukawaka tena uani.

Mwasho ulianza mwezi wa Rajabu.

Kwanza viganja, halafu mgongo. Bwanaheri akawa na mtindo wa kusimama mlangoni, eti anatazama wapita njia, kumbe anausugua mgongo kwenye mwimo wa mlango, taratibu, juu chini, asionekane. Mardhiya alimwona siku ya kwanza. Akamwambia vua shati, akamkuna kwa kitana mpaka ngozi ikawa nyekundu, na bado anasema hapo, hapo, ongeza. Baadaye zikaja homa za alasiri. Chakula kikamchukiza, hata pweza wa nazi aliyekuwa akimfia. Chini ya mbavu za kulia kukawa na maumivu yaliyomfanya akae amejipinda. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Mardhiya aliuona mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa akimwaga kopo lake la usiku.

Na kila Jumatatu simu inalia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Mguu?"

"Mguu mzima. Ningekuwa kijana ningecheza mpira."

"Na mwili kwa jumla? Kuna lolote jipya?"

"Njema tu. Hakuna la kukushughulisha."

"Mama naye?"

"Hajambo, huyu hapa anakusalimu."

Basi, kwisha. Jamani, tuna nini sisi watu wa pwani? Mtu roho iko kooni, ukimuuliza hali anakwambia salama, labda ataongeza "ila kichwa kidogo," na hicho kidogo ndicho kinachomzika. Tumelelewa hivyo. Salamu haijibiwi kwa malalamiko. Kulalamika ni kumtoa Mungu makosa, tena ni kumchosha mwenzio aliyekujulia hali. Wale wa kituoni Mapinga walidhani wanauliza swali. Kwa Bwanaheri ilikuwa salamu. Na Nasrin, ambaye alizaliwa humu humu na alijua, alisikia "njema" akaipokea, kwa sababu aliitaka na kwa sababu aliyemwambia ni mtu aliyemlea.

Mardhiya hakuweza kuvumilia. Siku moja simu ilipokatwa aliweka ungo chini.

"Umemwongopea mtoto."

"Sijamwongopea. Nimemshukuru Mungu. Kumshukuru Mungu ni kosa?"

"Amekuuliza mwili, hakukuuliza dini! Si wewe unayewafokea watu uani hapa, msiisifu halua mbovu, msiisifu halua mbovu? Sasa hii ni nini?"

"Halua ni halua, Mardhiya." Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono ameikalia ili isijikune. "Yule mtoto kanirudishia mguu. Nimwambie nini? Ahsante kwa mguu, ila dawa yako inaniunguza? Wakubwa zake watasema kawaponza watu wa kwao. Atavunjika moyo, na jina lake litaharibika. Na huu ni uzee tu. Nani mzee asiyewashwa?"

"Na kama ndiyo ile zafarani?"

Akaitoa mikono, akakuna kiganja kimoja. Kisha akasema, kwa sauti aliyomwoa nayo, "Unisitiri, mke wangu. Mwili wangu ni siri yako na yangu. Usinivue nguo mbele za watu."

Neno lile lilimfunga Mardhiya mdomo. Mwanamke wa kwao hutoka kwao na fundo la nguo na neno moja la mamake: mstiri mumeo. Vibaya vyake vifie chumbani. Kumtangaza mumeo mkojo wake na kucha zake kwa watu wa nje, hata kama ni daktari, hata kama ni mtoto uliyemlea, ni sawa na kumwanika barabarani. Basi akamsitiri. Alimkata kucha asijitoe damu, akamchemshia majani ya mwarobaini ya kuogea, akamkuna mgongo kila alasiri, na watu wakiuliza mzee hajambo, alijibu hajambo. Naam, yeye, mwenye ulimi usiojua kupaka mafuta. Alijichukia kila alipolisema neno lile.

Mwezi wa Shaabani alikuja Shufaa. Shufaa ni mdogo wake Bwanaheri, mwanamke wa Mlingotini, mkulima wa mwani. Naye sukari ilikuwa ya ukoo. Alijichoma mguu kwenye kigingi cha shamba lake huko majini, na jeraha likakataa kufunga kama la kakake.

"Kaka," akasema, akichechemea kuingia, "wale watu wa Nasrin wananiambia niingie kundi la pili. Wanasema ninyi wa mwanzo wote mko salama, sasa wataongeza ile dawa. Niende?"

Mardhiya alikuwa akipepeta mchele. Ungo ukamsimama mikononi. Alimtazama mumewe, na mumewe hakumtazama. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, mgongo unakwenda juu chini, taratibu.

"Nenda," akasema Bwanaheri. "Dawa haina neno. Mguu wangu si unauona?"

Wallahi, hakutaka ubaya. Alimpenda nduguye, alimlea kwa mikono yake. Aliamini, na aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Mardhiya akaendelea kupepeta mchele, na Shufaa akaenda Mapinga.

Ramadhani ikaingia. Mwenye sukari kapewa ruhusa ya kula, lakini mwambie hivyo Bwanaheri! Akafunga, eti shukrani ya mguu. Nasrin akapiga kumwita kituoni, siku ya kutolewa damu imefika.

"Damu na saumu, mwanangu?" akasema. "Nitakuja baada ya Idi."

"Unajisikiaje lakini, ami?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Basi kwa kuwa uko salama, tungoje Idi."

Kwa kuwa uko salama! Mardhiya alilisikia hilo kwenye simu, akatamani kuinyang'anya. Mkono ulinyanyuka ukarudi. Aliogopa, na huo ndio ukweli. Aliogopa jicho la mumewe kuliko alivyoogopa maradhi.

Siku ya Idi Nasrin alikuja mwenyewe na tende na kanzu mpya ya ami yake. Akamkuta uani anakoroga halua amevaa miwani nyeusi ya jua.

"Ami umekuwa kijana wa mjini!"

"Moshi, mwanangu. Moshi unanila macho."

Nasrin akacheka mpaka akajifuta machozi. Akapewa mwiko aulambe, akasema tamu. Nyuma ya miwani ile macho yalikuwa manjano kama ndimu iliyoiva, na Mardhiya akasimama pale na kawa mkononi, anatabasamu. Halua ya siku ile ilikuwa na chumvi; Bwanaheri alikuwa amekosea mkebe. Mardhiya aliionja akasema nzuri. Mumewe akamgeukia na miwani yake, akamwangalia kwa muda, kisha akaendelea kukoroga. Alijua. Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kumdanganya kwa halua, na wala hakumuuliza.

Haikupita juma, akaanguka bafuni. Tumbo lilikuwa limejaa maji. Nasrin alikuja mbio hospitalini na koti lake jeupe limefungwa upande, akamvua miwani, akayaona macho. Hakupiga kelele. Aliketi tu kitandani.

"Ami. Tangu lini?"

Kila kitu kilitegemea jibu hilo. Mardhiya alikuwa amesimama upande wa miguu, ameshika ule unyayo uliopona. Bwanaheri akageuza macho yake ya manjano akamwangalia mkewe, si Nasrin, mkewe, na macho yale yalikuwa yanaomba.

"Juzi tu, mwanangu," akasema. "Juzi."

"Mama? Ni juzi?"

Mardhiya akautazama unyayo. "Juzi," akasema.

Walipanga wamfikishe Dar, kwenye ile mashine ya sumaku, wamtazame ini. Hakufika. Alifariki asubuhi, baada ya kumwambia muuguzi aliyekuja kumpima kwamba amelala vizuri. Adhuhuri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo kwetu. Hakuna aliyempasua, hakuna aliyemchungulia ndani. Alichokuwa nacho tumboni kilikwenda naye mchangani, na duniani akabaki mtu mmoja tu aliyejua kilianza lini.

Siku ya tatu ya msiba Nasrin alimwinamia Mardhiya miguuni. Mardhiya alikuwa ameketi eda, kaniki mwilini, nyumba imejaa wanawake.

"Nimewaambia wakubwa zangu tusimamishe," Nasrin akanong'ona, pua imemziba kwa kulia. "Wanasema haiwezekani kuwa chembe zetu. Dawa aliipata zamani, na kila Jumatatu alisema yu mzima. Wanasema maradhi ya juzi, labda saumu, labda miti shamba, labda homa ya ini ya kawaida. Na mimi sina cha kuwajibu, mama. Nina njema zake tu. Labda ni kweli alikuwa mzima?"

Ewe Mardhiya, sema! Lakini udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mtu ndiyo kwanza amelazwa ubavu wake wa kulia, amefunikwa, na mkewe amvue nguo? Alimpapasa Nasrin kichwa. "Mungu ndiye ajuaye," akasema. Nasrin akainuka akaenda zake.

Arubaini ikafika. Wanaume walisomea hitima msikitini, wanawake wakajazana ndani na uani, wakapakua pilau. Halua ilinunuliwa kwa mtu mwingine. Ilikuwa ngumu, na kila mtu aliisifu. Shufaa alichelewa kufika kutoka Mlingotini. Mguu wake ulikuwa umepona, hachechemei tena, watu wakamshangilia. Akamwamkia wifi yake, akakosa pa kukaa, akasimama mlangoni.

"Hujambo, wifi?" Mardhiya akamuuliza.

"Sijambo, alhamdulillahi."

Kisha Shufaa akaegemea mwimo wa mlango. Akawa anatazama nje, hana hili wala lile. Na mgongo wake, ndani ya buibui, ukaanza kwenda juu chini. Taratibu. Asionekane.

Sahani ya pilau ikamponyoka Mardhiya. Alinyanyuka akamshika mkono, akamvuta uani penye jua, mbele ya wanawake wote, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba. Ndani kulikuwa na manjano. Kidogo tu, lakini yeye alikuwa ameyatazama manjano yale machoni mwa mumewe tangu yanaanza, hakuhitaji kuambiwa.

"Unawashwa."

"Kidogo tu, wifi. Si neno."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Usiniambie juzi!" Mardhiya alipiga ukelele, na wapakuaji wote wakasimama na miiko yao. "Usiniambie juzi, Shufaa, nakuomba kwa jina la Mungu! Kakako naye alisema juzi. Tangu lini?"

Shufaa akajivuta buibui. "Tangu Mfunguo Mosi, Idi ilipoisha tu," akasema. "Kabla hata ya msiba."

"Na damu hawakukutoa?"

"Siku yenyewe iliangukia msibani. Nasrin akaniuliza hali, nikamwambia sijambo, akasema basi nipumzike kwanza."

Adila, jirani wa mlango wa tatu, akaguna, "Ya Rabi." Hakukuwa na mwanamke pale uani ambaye angejibu vingine, na kila mmoja alijijua.

Mardhiya akaomba simu yake iletwe. Adila akambonyezea namba.

"Shikamoo, mama," ikasema sauti ya Nasrin. "Hujambo?"

Jibu lilikuja lenyewe mpaka ncha ya ulimi, kama linavyokuja kwako na kwangu. Mardhiya akalimeza.

"Marahaba. Si salama, mwanangu. Wala ami yako hakuwa salama. Hakuanza juzi. Alianza Rajabu."

Akasema yote. Alisimama katikati ya uani wa marehemu, mbele ya wanawake wa Dunda nzima, akamvua mumewe nguo moja moja: mwasho, homa za alasiri, maumivu ya mbavu, mkojo ulivyokuwa, na kwamba miwani ile haikuwa ya moshi. Bibi mmoja akainamisha uso kwa aibu, mwingine akasema, "Taratibu, mtu wetu ni maiti, jamani." Mardhiya hakuacha. Machozi yalimwingia mdomoni akaendelea kusema. "Na mimi nilikwambia juzi," akamalizia. "Nilisimama pale nikakwambia juzi. Sasa Shufaa yuko hapa na macho yake ni yale yale."

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa. Nasrin alikuwa akizitazama tarehe zake.

"Jumatatu zote zile," akasema. "Nilikuwa namsalimia tu. Mama, nilikuwa namsalimia tu." "Asinywe dawa yoyote ya miti. Nakuja na gari sasa hivi. Na wengine wote nawaita leo leo, kila mmoja, aje atolewe damu, hata akisema ni mzima."

"Atapona?"

"Sijui, mama. Yeye alipewa nyingi zaidi. Sijui."

Wanawake wakaanza kuondoa sahani bila maneno. Shufaa alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, karibu na sufuria la shaba lililofunikwa gunia. Aliinua uso.

"Wifi. Siku ile kaka aliponiambia niende. Alikuwa anawashwa?"

Mardhiya alijua kuwa angeweza hata sasa. Neno moja tu dogo la kumfunika.

"Alikuwa anawashwa," akasema. "Alikuwa amesimama pale pale uliposimama wewe."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nikipepeta mchele. Nilijua."

Shufaa akamwangalia mpaka Mardhiya akadhani atamtemea mate, na kama angemtemea angeyapokea. Hakumtemea. Aligeuka pale kibaoni, akampa mgongo, akasema kwa sauti ndogo ya kilio, "Naumia, wifi. Wallahi naumia, sijalala siku nyingi." Mardhiya akapiga magoti kwenye mchanga na kaniki yake ya eda, akamwingiza mkono ndani ya buibui, akaanza kumkuna, hapo, hapo, ongeza, wakilisubiri gari la Mapinga.